Yako Niliiacha Mwisho

Maitu,

Nakuita hivyo, mama yangu, kwa maandishi kama ninavyokuita kwa mdomo tangu uzaliwe, kwa sababu jina lako ni la mama yangu, na kwetu mtoto akibeba jina la mama yako, huyo ni mama yako hata kama bado ananyonya. Leo ni Jumamosi, saa nane na nusu mchana. Umeenda mjini Thika kusukwa. Babako ameenda kutafuta kamba ya kufungia godoro. Nyumba imenyamaza, nasikia tu boda boda zikipita hapo nje na watoto wa zile fleti mpya wakipiga kelele. Kwa vile nawajua wasusi, nina kama saa tatu kabla urudi.

Sitakuandikia habari za kula mboga, kufunga mlango, kuchagua marafiki, kupiga simu ukifika. Hayo babako amekuambia mara kumi na kesho atayarudia mpaka basi litoke. Mimi mwenyewe wiki hii nimeongea sana, umeniona, mpaka ukaniuliza kama nimekunywa chai ya majani mengi. Nilikuwa naongea ili nisiseme. Nimejaribu kusema jikoni, nimejaribu tukianua nguo, nimejaribu Alhamisi tukitoka Kalimoni kumuaga cucu yako, mama yangu. Kila mara mdomo unafunguka, na kinachotoka ni blanketi, ni sabuni.

Basi ni hili. Kesho unaenda kusomea ufugaji wa samaki badala ya uuguzi kwa sababu yangu. Si kompyuta ya serikali iliyokuchagulia vibaya, kama nilivyokuambia. Si bahati mbaya. Na sidhani ni mpango wa Mungu, ingawa mchungaji alisema hivyo hapa sebuleni na wewe ukaitikia amina. Ni mimi, na nimejua tangu siku ile ile.

Haya, nimeiandika. Sasa wacha nikueleze pole pole, maana wewe hukubali kitu nusu nusu.

Unajua nilivyofika kwenye kazi hii. Nilikuwa taipisti kwenye kiwanda hapa Thika, miaka mingi nikichapa barua za watu wengine, mpaka walipotupunguza nikarudi nyumbani na kikombe changu cha chai ndani ya mfuko wa nailoni. Ndipo nikafungua saiberi Ruiru, kompyuta mbili, moja ikijizimia ikitaka. Kodi, yale maandishi ya kuiamuru kompyuta, nilijifunza nikiwa mtu mzima, kwa video za bure, nikirudisha nyuma sehemu moja hata mara ishirini. Wewe ulikuwa darasa la sita. Majirani, ambao huniita kwa jina la dadako, walikuwa wananicheka, Mama Wairimu ataunda ndege lini. Wewe peke yako ndiye uliyekuwa unakuja kusimama nyuma ya kiti na kuniuliza, hii inafanya nini, na hii je. Nikikueleza wewe ndipo nami naelewa.

Mwaka huu watoto wa kidato cha nne walipoanza kuja kuchagua kozi, duka lilijaa hadi nje. Kila mtoto anakuja na mzazi, wanakalia kompyuta moja saa nzima wakibishana, huyu anataka sheria, yule anataka ualimu, na foleni inangoja. Nikaona nitengeneze ukurasa wangu mwenyewe. Mtoto anaufungua kwa simu yake akiwa nyumbani, anajaza taratibu, anabishana na mamake huko huko. Akimaliza, orodha inanifikia, na mimi naihamishia kwenye tovuti ya serikali. Nilijivunia ukurasa ule, Ngai wangu, nilijivunia. Kila chaguo lilikuwa mstari wake: kisanduku cha kozi, kisanduku cha chuo, na pembeni kitufe chekundu kilichoandikwa Ondoa.

Hapo kwenye Ondoa ndipo nilipokuua, mwanangu.

Kwenye fremuweki ninayotumia, yaani ule msingi wa kodi ulioandikwa na wengine nami najenga juu yake, huandiki mistari minne ya fomu. Unaandika mmoja, unaiambia irudie. Na kila kisanduku unakiwekea sikio. Mtu akibadilisha kilichomo, sikio linasikia, linapeleka habari kwenye orodha iliyo ndani, ile ambayo macho hayaioni. Mimi nililiwekea kila sikio nambari ya mstari wake. Wewe ni wa kwanza, wewe wa pili, wewe wa tatu. Ilikuwa rahisi na ilifanya kazi, mradi asiwepo mtu wa kuondoa mstari.

Mstari wa kwanza ukiondolewa, kwenye simu unaona wa pili umepanda juu. Vizuri. Lakini ndani, sikio lake bado linajiita la pili, na kila ukikigusa kile kisanduku cha juu, habari inaenda kuandikwa nafasi ya pili. Ile nafasi ya kwanza inabaki na kitu cha zamani ambacho wewe ulidhani umekitupa. Na kwa vile mistari imepungua, programu yangu ilikuwa inakata wa mwisho kabisa, asiye na kosa. Ni kama mwalimu anayewajua wanafunzi kwa dawati. Mmoja akihama shule, wengine wakisogea, yeye anaendelea kuita dawati la kwanza kwa jina la aliyeondoka. Dawa yake ilikuwa ndogo sana: kuupa kila mstari jina lake mwenyewe siku unapozaliwa, jina lisilobadilika hata ukihamishwa wapi. Nilikuwa nimeisikia kwenye video. Niliona ni kazi ya bure.

Sasa kumbuka ile Jumapili jioni. Nilikuambia, Maitu, chukua simu ujaze yako uwe wa kwanza, unijaribie kama inafanya kazi. Ulikuwa umelala pale kwenye kochi na miguu juu. Ukaweka ufugaji wa samaki mstari wa kwanza, ukacheka, ukamwonyesha babako, ukamwambia unaenda kuolewa na omena. Babako akasema samaki mwenyewe humli, unamtoa miiba ukilia. Halafu ukajaza uuguzi mara tatu, vyuo vitatu, kwa ule uso wako wa mtihani. Ukabonyeza Ondoa kwenye samaki. Samaki akatoweka. Ukanigeuzia simu nikaona mwenyewe kwa macho yangu, uuguzi, uuguzi, uuguzi. Nikakuambia uko sawa, nitakutumia mwenyewe.

Nikatuma. Nilikuwa nimeandika programu ya kuhamisha, haikuwa kazi ya mkono, kwa hiyo sikusoma. Orodha yako ilienda hivi: samaki, uuguzi, uuguzi.

Siku ya mwisho ya kuchagua, mlango ulikuwa unafungwa saa kumi na moja jioni. Saa nane hivi, baba mmoja alikuja dukani akitaka nimchapishie orodha ya bintiye kutoka kwa tovuti yenyewe ya serikali, apeleke nyumbani iwekwe kwenye faili. Nikafungua, nikachapisha, akasoma akiwa amesimama. Akaniambia kwa upole kwamba hii si orodha ya mtoto wake. Nikamwambia haiwezekani. Nikaangalia kwenye ukurasa wangu, nikaangalia kwenye tovuti, havilingani. Ilinichukua kama nusu saa kujua ni kitu gani. Nikarekebisha ya yule baba papo hapo. Kisha nikatafuta ni nani wengine waliobonyeza kile kitufe. Walikuwa sita. Watano wa watu, na wewe.

Wale watano ilibidi niwapigie, kwa sababu sikujua walikuwa wanataka nini hasa. Mmoja simu yake mteja, haipatikani, nikampata kupitia kwa shangazi yake. Mwingine alikuwa kibaruani, anaongea kwa kunong'ona. Yako sikuhitaji kumuuliza mtu. Nilikuwa naijua kwa kichwa, mpaka mpangilio wa vyuo. Yako ilikuwa dakika mbili tu, na ndiyo maana niliiacha mwisho.

Unajua tulivyolelewa Kalimoni. Wageni wakija, sahani zao zinatoka kwanza, na nyama inatoka nazo. Sisi watoto tunakaa jikoni na mama tukingoja kitakachobaki kwenye sufuria, na mara nyingi ni mchuzi na harufu. Hakuna aliyenung'unika. Mama alikuwa anatuambia sisi ni wa nyumbani, sisi tunaelewa, na nilikuwa nasikia fahari kuitwa mtu anayeelewa. Nimekulea wewe hivyo hivyo bila kufikiria.

Saa kumi na nusu na kitu nilikuwa nimemaliza wanne. Akinyi wa Mwihoko nilikuwa nimempigia, akasema yuko njiani anakuja na mamake. Nikajiambia, kabla wafike, wacha niguse ya Wangari. Nikaingiza nambari yako ya mtihani. Orodha yako ikafunguka, samaki pale juu. Nilikuwa nimeshaweka mshale juu yake, Maitu. Mlangoni wakasimama Akinyi na mamake. Mama Akinyi alikuwa ametoka moja kwa moja shambani, kule kwenye kahawa anakofanya kibarua, gambuti zina matope, anahema. Akasema:

"Mama Wairimu, wa kwangu bado?"

Nikamwambia bado, vuteni viti. Na nikatoka kwenye ya kwako, nikaingia kwenye ya Akinyi.

Hakujua nimefunga ya nani. Angejua angengoja, yule mama ana utu kuliko mimi. Mkono wangu ulienda wenyewe. Na ya Akinyi haikuwa ya dakika mbili. Chaguo zake zote zilikuwa zimevurugika, na akabadili mawazo katikati, na mamake akataka kujua kila chuo kiko upande gani. Nilikuwa naangalia saa ya pembeni ya kompyuta. Tulipomaliza zilikuwa zimebaki dakika nne. Zingetosha, na kubaki zingebaki.

Mama Akinyi akanishika mikono yote miwili juu ya kaunta. Akasema hana la kunipa leo, ataniombea. Akafunga macho akaanza. Wangari, kuna mtu anayeweza kumkatiza mama wa watu akiwa anaomba? Pengine yupo. Mimi sikuweza. Nilisimama na mikono yangu ndani ya mikono yake, macho nimeyafungua, naangalia saa ikibadilika juu ya bega lake. Alimshukuru Mungu kwa duka. Akaombea barabara, akaombea mume wangu. Kisha akaombea watoto wangu, mmoja mmoja, aliwataja kwa majina, alikuwa anakujua jina. Akaomba Mungu akufungulie milango. Nilisema amina nikiwa tayari nimekaa. Nikaingiza nambari yako. Ukurasa ukaniandikia kwamba muda umekwisha.

Nilijaribu mpaka saa mbili za usiku kama mwendawazimu. Kuufungua, kuufunga, kuufungua. Najua jinsi hizo kurasa zinavyoundwa, nilijua hautafunguka, na bado nilijaribu. Niliporudi nyumbani ulikuwa umenipikia githeri umeifunika. Ukaniuliza siku ilikuwaje. Nikasema wateja walikuwa wengi.

Miezi ile ya kungoja nilikuwa naomba kichinichini kwamba samaki wakukatae. Nilijiambia pengine watakuruka, utaangukia chaguo la pili. Halafu siku ile ulikuwa unafua viatu pale nyuma, meseji ikaingia, ukaja nayo mikono ina povu. Ukaniambia, "Mum, hii wametumia number wrong, ama?" Ulidhani ni ya mtu mwingine. Nilikuwa na nafasi pale. Ilikuwa wazi mbele yangu kama mlango. Nikasema hizi kompyuta zao zinafanya mchezo na watoto wa watu. Niliyasema hayo nikiwa nimekukazia macho, tena kwa hasira, hasira ya kweli kabisa, nikailekeza kwa watu wasio na kosa.

Ulilia siku tatu. Siku ya nne ukatoka chumbani, ukanawa uso, ukaniomba bando uangalie video za mabwawa ya samaki. Ukaniona nimekaa tu na ukadhani nimevunjika moyo kwa ajili yako. Ukaja ukanikumbatia kwa nyuma. "Mum, usijisumbue hivyo. Si kosa lako."

Hayo maneno nimelala nayo na kuamka nayo tangu siku ile. Nikiwa naosha vyombo nayasikia.

Tulienda Nairobi mara mbili kuomba uhamishwe, unakumbuka zile foleni. Mimi nilienda tena mara ya tatu peke yangu, nikakuambia naenda kununua wino. Nilimweleza mama mmoja wa pale ofisini kila kitu, hivi ninavyokueleza, yeye ndiye mtu wa kwanza kuambiwa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akaniambia nafasi za uuguzi zimejaa, na hata zisingejaa, hawezi kubadilisha kitu kwa sababu mzazi amesema alikosea, kwa maana kila mzazi angekuja kusema hivyo. Alikuwa sahihi. Nilikaa kwenye ngazi za jengo lile nikala ndizi, sijui kwa nini nakumbuka ndizi.

Kisha Akinyi akapata ualimu wake. Mamake akaja huku nyumbani Ngoingwa na kuku wa kienyeji ndani ya kikapu, jogoo mkubwa, kutoa shukrani. Tulimla Jumapili. Wewe ukasema ni mtamu kuliko wa dukani, ukamtumia Akinyi meseji ya kumpongeza na zile picha za makofi. Mimi nilichukua shingo nikakaa nayo kwenye sahani. Babako aliniangalia sana siku ile.

Yeye nilimwambia mwezi jana. Alikuwa anarekebisha mguu wa stuli. Akasema bila kuinua kichwa, "Mimi sitamwambia. Na sitakusaidia kumwambia." Ndiyo maana amekuwa mkali kwangu, na wewe ukadhani ni wasiwasi wa safari. Na ndiyo maana siku ya maombi ya kukuaga, mama za kanisa walipojaa hapa na mchungaji akaniambia mzazi asimame aseme neno, yeye alitoka nje akajifanya anaangalia gari. Nilisimama nikamshukuru Mungu kwa mipango yake. Nilisema "mipango yake" mara tatu. Wakapiga makofi.

Nilikuwa nafikiri nikiandika barua hii nitafika mahali nikupe kitu cha kukusaidia. Nimeangalia, sina. Ukurasa wangu nilishaurekebisha. Kila mstari sasa unazaliwa na jina lake, ukiondoa mmoja wengine wanabaki walivyo, na sikio linajua linasikilizia nani. Nimeujaribu kila namna, nimeondoa wa juu, wa katikati, wa chini, haukosei. Watoto wa mwaka ujao watakuwa sawa. Inaniuma kuuona ukifanya kazi.

Wanasema ukimaliza mwaka wa kwanza unaweza kuomba kuhama. Wengine wanasema ni maneno tu. Sitakuambia itawezekana, nimeshakudanganya kiasi cha kutosha.

Nimejiuliza kama siku ile ningerudishwa pale kaunta ningemfukuza Mama Akinyi. Nimejaribu kujiona nikimfukuza, sijioni. Lakini ningeweza kumwambia, mama, nipe dakika mbili, hii ni ya mtoto wangu. Hayo tu. Ni maneno mepesi na angesema sawa. Hayakunijia hata kidogo, Wangari, na hilo ndilo linalonisumbua kuliko kitufe, kwa sababu kitufe nilikosea mara moja, na hili nimekuwa nikilifanya maisha yako yote. Ulipokuwa darasa la tatu nilikuacha getini kwa shule mpaka giza likaanza kuingia, nikimalizia mtu barua ya kuomba kazi. Nilikukuta na bawabu, umekalia begi, umevuta sweta mpaka kwenye vidole. Hukulia. Uliniambia ulijua nitakuja. Nilisimulia hayo kwa watu miaka mingi nikikusifu, eti huyu mtoto ni mwelewa. Uelewa wako nimekuwa nikiukanyaga kama stuli ya kufikia vitu vya watu.

Ukipata mtu huko anayekuambia wewe ngoja kwa sababu wewe unaelewa, hata awe ni mtu anayekupenda, usinyamaze. Mwambie huelewi. Mimi ungeniambia hivyo ningekasirika siku hiyo, na ingetufaa.

Na ukikosea, kwa maana utakosea, sema siku hiyo hiyo. Sisemi hivi kama mtu anayejua. Nasema kwa sababu nimeona inavyokuwa ukingoja. Ile siku ya kwanza nilikuwa na kosa la kompyuta, la kueleweka. Ningekuja nyumbani nikakuambia, ungelia, ungenikasirikia, na pengine wiki ile tungejua la kufanya, pengine wewe ungewaza kitu ambacho mimi sikuwaza. Nilikunyima hata hiyo nafasi ya kunikasirikia. Ukabaki na Mungu na serikali wa kuwakasirikia, na kwa vile wewe ni mtu mwema, ukaamua kutomkasirikia yeyote.

Alhamisi pale Kalimoni, cucu yako alikupa ule mguu wake wenye kidonda kama kawaida, na wewe ukakaa chini ukafungua bendeji, ukasafisha, ukafunga upya. Ulianza kuufunga ukiwa na miaka kumi na tano na hakuna aliyekufundisha. Akasema kwa Kikuyu kwamba ukirudi ukiwa nesi kamili utamponya kabisa. Hakuna aliyemwambia ni samaki. Wewe ukamkubalia, "Ĩĩ, cucu," ukaendelea kufunga. Nilikuwa nimesimama mlangoni nashika kikapu cha maharagwe. Nilitaka ardhi ipasuke.

Sasa ni karibu saa kumi na moja. Ngoja nikuambie nilichokuwa nimepanga, ndipo ujue mamako ni mtu wa aina gani mpaka dakika hii. Nilikuwa nimepanga kuikunja barua hii na kuiweka chini kabisa ya nguo zako, katikati ya shuka, uipate ukiwa umefika, ukiwa mbali. Hivyo ungelia huko kwenye chumba usichokijua, na watu usiowajua, na mimi nikiwa hapa sioni uso wako. Simu ingelia na ningeweza kuchagua kuipokea au kuiacha. Nilikuwa nimeshatayarisha mahali. Nimeandika kurasa zote hizi nikijua inaenda huko, na nimefika hapa naona siwezi.

Kesho saa moja asubuhi basi linatoka. Usiku huu ni wako wote. Ukitaka kupiga kelele, nipigie mimi. Ukitaka kumpigia dadako umwambie, mpigie, ukitaka kumwambia cucu, tutaenda na boda sasa hivi. Ukisema hutaki kuniona stendi, babako atakupeleka na mimi nitabaki. Ukisema huendi kabisa, nitakuunga mkono mbele ya mchungaji na mbele ya wote waliopiga makofi, na nitawaambia mwenyewe sababu. Sikuombi unisamehe leo. Hata sijui kama ni kitu cha kuombwa mtu akiwa anasafiri asubuhi.

Nasikia geti. Mmekutana njiani na babako, nasikia anakusifia nywele na wewe unacheka. Nakuletea barua hii sebuleni sasa, kabla hujavua viatu. Sitaongea. Nitakaa kwenye kile kiti cha karibu na dirisha mpaka umalize kusoma, na ukiinua macho utanikuta hapo.

Mamako